Hata Chembe ya Mafuta

Chupa iliyokuwa chini ya kitanda cha Nynke ilikuwa imegeuka nyeupe. Jana yake maji yaliyokuwa yakitiririka humo kutoka kifuani mwa mtoto yalikuwa mepesi, ya manjano, kama chai ya rangi iliyozidishwa maji. Mchana huu yalikuwa mazito, na mtu asiyejua angedhani kuna aliyemimina humo maziwa. Nesi Antje aliinama akaitazama, akainuka, akamtazama mama wa mtoto.

"Amekula nini?"

"Mlichompa nyinyi wenyewe," alisema Marloes. Alikuwa ametoka kuoga, nywele zikimdondoshea maji mabegani. "Mkate mkavu na jamu. Yale maziwa yenu yasiyo na ladha. Ute mweupe wa yai, akautema."

"Na kingine?"

"Kingine kipi?"

Antje alimwinamia mtoto, akasogeza pua karibu na mdomo wake. Nynke alikuwa na miaka mitano, mikono myembamba mpaka kiwiko kimekuwa kikubwa kuliko mkono wenyewe. Aliufumba mdomo kwa nguvu.

"Karafuu," alisema Antje. "Mtoto ananukia karafuu."

Marloes aliketi kitandani polepole. Katika nyumba yao karafuu ilikuwa na maana moja tu: jibini ya mama mkwe wake, Gerbrich. Wengine huku Frisia, kaskazini mwa Uholanzi, huitengeneza kwa maziwa yaliyoenguliwa, lakini Gerbrich aliitengeneza kwa maziwa mazima ya ng'ombe wao, yenye malai yote, akaichomeka karafuu kama anayepanda mbegu. Watu walitoka miji ya mbali kuja kuinunua.

Na Daktari Terpstra alikwisha kusema, tena mbele ya familia nzima. Walipoutengeneza moyo wa Nynke, mfereji mdogo kifuani ulichanika, ule unaobeba mafuta ya chakula kuyapeleka kwenye damu. Sasa mafuta yoyote anayokula yanavujia kifuani na kuubana pafu. Dawa yake ni kumnyima mafuta mpaka jeraha lijifunge. "Hata chembe," alisema daktari. "Siagi ya kupaka kisu, hapana. Kiini cha yai, hapana. Na msimwonee huruma mtoto, maana huruma yenu itamrudisha kwenye mashine ya kupumulia."

"Nani alikuwa naye ulipokwenda kuoga?" aliuliza Antje.

"Mume wangu," alisema Marloes. "Na yule mama yake."

*

Antje na Marloes waliwakuta wawili hao wakitoka kantini. Hylke, mwanamume mrefu aliyezoea kuinama kila mlangoni, alikuwa ameshika vikombe viwili vya kahawa. Gerbrich alitangulia, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba kwapani.

"Mama, naomba niuone mkoba wako," alisema Antje.

"Mkoba wangu? Kwani nimeiba nini?"

"Fungua tu, mama."

"Hylke, unasikia? Mwanao yuko mahututi, na hawa wanatafuta wezi."

Hylke alitazama kahawa yake. Watu waliokuwa wakingojea lifti walinyamaza ili wasikie vizuri. Gerbrich aliufungua mkoba kwa hasira, akatoa vitu kimoja kimoja na kuviweka juu ya kiti: miwani, uzi wa kufumia, peremende, halafu mkate mweusi uliofungwa kwenye karatasi. Ndani ya mkate kulikuwa na jibini, na karafuu zake zimetokeza.

"Hiki ni chakula changu cha mchana!" alisema Gerbrich. "Mlitaka nile chakula cha kantini yenu, viazi vinavyonuka maji ya kufulia?"

"Ulimpa kiasi gani?" aliuliza Marloes.

"Sikumpa kitu."

"Ananuka karafuu, mama! Mdomo mzima!"

"Basi kamuulize aliyempa. Mimi nimelea watoto wanne, sijaua hata mmoja. Wewe umepewa mmoja, umtazame ulivyomkondesha. Nilisema tangu mwanzo, mtoto ananyonywa maji kifuani, halafu anapewa maji anywe. Nani atapona hivyo? Hata ndama hatumfanyii hivyo."

"Unaona?" Marloes alimgeukia nesi. "Amekiri mwenyewe."

"Nimekiri nini? Kusema si kufanya." Kisha Gerbrich akaendelea kwa Kifrisia, haraka, maneno ambayo Marloes, mzaliwa wa Zwolle, mji ulio nje ya Frisia, aliyaelewa nusu tu. Nusu hiyo ilimtosha.

"Hylke," alisema Marloes. "Mwambie mama yako aniombe radhi."

"Mama, twende tu nyumbani," alisema Hylke. "Ng'ombe wanangoja."

Tangu siku hiyo Gerbrich alikatazwa kuingia. Angeweza kumwona mjukuu wake kupitia kioo cha mlango, nesi akiwepo. Alikuja mara moja, akasimama nje ya kioo amevaa koti lake la kanisani. Nynke alimpungia mkono. Kisha muuguzi mmoja alipita akamwambia, kwa adabu kabisa, asogee kidogo kwa sababu anazuia njia. Hakuja tena.

*

Aliyempa mtoto jibini alikuwa Hylke.

Alianza siku ambayo Nynke alimpa mgongo akageukia ukuta. Marloes alikuwa amekwenda kuoga, Gerbrich anatafuta choo, na yeye amebaki na sahani ya mkate mkavu, anabembeleza. "Kidogo tu, kipenzi. Tonge moja la Baba." Mtoto hakugeuka. Alisema, akiuambia ukuta, "Nyinyi wote hamnipendi." Hylke alikuwa na kipande cha jibini mfukoni, maana hakuna siku alitoka nyumbani bila hicho. Alikata kidogo, kama ukucha. Nynke alikitafuna macho yamefumba, halafu akacheka. Tangu wamtoe kwenye mashine ya kupumulia, hakuna aliyekuwa amemsikia akicheka.

Hylke hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyeweza kuvumilia kuchukiwa. Kati ya mke na mama alikuwa ameishi miaka yote kwa kumwambia kila mmoja kwamba mwenzake hakukusudia. Sasa mtoto wake alimchukia kwa sahani ya mkate, na dawa ya chuki hiyo ilikuwa mfukoni mwake.

Mama yake alipofukuzwa, aliapa kuacha. Siku iliyofuata Nynke alinyoosha mkono.

"Hakuna tena," alimnong'oneza. "Daktari amekataa."

"Usiponipa nitamwambia Mama."

Basi akawa anakaa garini kwanza, kwenye maegesho ya hospitali, anachokoa karafuu moja moja kwa kisu chake ili mtoto asinuke.

Chupa iliendelea kuwa nyeupe. Na kile kilichokuwa kikivuja hakikuwa mafuta peke yake. Kilikuwa pia nyama ya mtoto na nguvu zake za kupigana na maradhi. Mbavu zilitokeza. Kidonda cha kifuani, ambacho kingekuwa kimeshafunga, kilikuwa bado chekundu pembeni. Daktari Terpstra aliwaita wazazi ofisini.

"Nilikuwa na hakika ni chakula," alisema. "Lakini bibi haingii tena, na chupa ni ile ile. Kwa hiyo kosa si la jikoni. Mfereji wenyewe umekataa kupona. Ningeweza kulipumzisha tumbo nimlishe kwa mshipa, lakini mishipa yake mikubwa imeziba kwa sindano. Alhamisi tutamfungua tena, tuufunge mfereji."

"Ataweza?" aliuliza Marloes.

"Nisingependa kumkata alivyo. Mtoto asiye na akiba mwilini hafungi kidonda, na kidonda kisichofunga kinaalika maradhi mengine. Lakini nikingoja atazidi kupungua. Jumatano asubuhi mje mtie sahihi."

Marloes alilia njia nzima ya kurudi wodini. Hylke alimshika bega. "Daktari ndiye anayejua," alisema.

*

Gerbrich alizipokea habari hizo kwa hasira na furaha kwa pamoja, na aliionea aibu ile furaha.

"Kwa hiyo si mimi!" alimwambia mwanawe jikoni. "Wamenipekua kama mwizi mbele ya watu, na kumbe si mimi! Aje hapa mkeo, asimame hapo, aseme: Gerbrich, nilikusingizia."

"Mama, mtoto anapasuliwa keshokutwa."

"Nimesikia. Nasema aje baada ya hapo."

Hylke alitoka kwenda kukamua. Gerbrich akakumbuka shali yake iliyosahaulika garini, akaifuata. Ilikuwa kiti cha mbele. Alipoivuta, aliona kwenye kile kishimo cha kuwekea kikombe kichuguu kidogo cheusi. Akachota kwa vidole. Zilikuwa karafuu zake, na jibini yake ilikuwa imezigandia bado.

Aliingia bandani na shali mkono mmoja. Ng'ombe walikuwa wamepangana, mashine ya kukamulia inavuta.

"Zima hiyo mashine."

"Huyu ng'ombe yuko katikati, mama."

"Zima, nimesema."

Alifungua kiganja. Hylke aliangalia, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kidogo tu," alisema. "Kama ukucha."

"Mara ngapi?"

Hylke alitazama miguu ya ng'ombe.

"Nakuuliza mara ngapi!"

"Alikuwa hataki kuniangalia, mama. Anageukia ukuta. Nikampa, akacheka. Hujamwona akicheka."

"Sijamwona akicheka kwa sababu mimi nimefungiwa nje! Nimesimama kwenye kioo kama mtu anayeuza kitu!" Alimchapa usoni kwa shali. "Na nilipofukuzwa, kwa nini hukuacha?"

"Alisema nisipompa atamwambia Marloes."

"Mtoto wa miaka mitano amekutia kamba puani." Gerbrich alitikisa karafuu kiganjani. "Ukakaa garini, mwanamume mzima, unachokoa. Akili ya kuficha unayo. Ya kusema ndiyo huna."

"Marloes ataniacha."

"Na akuache! Utakufa? Yule mtoto ndiye atakayekufa. Umemsikia daktari, hana nyama ya kufungia kidonda. Wanamkata kwa sababu hawajui anakula jibini, na wewe unajua!"

Hylke alianza kulia. Alilia kama alivyokuwa akilia utotoni, bila sauti, mabega tu. Gerbrich alisimama juu yake hajui amchape tena au amfute.

"Nitasema," alisema Hylke. "Kesho, kabla ya sahihi. Naapa."

"Na mimi nakuja."

"Hawatakuruhusu."

"Nitakaa kwenye korido. Korido si mali yao."

*

Jumatano asubuhi Gerbrich aliketi kwenye kiti cha plastiki nje ya ofisi ya daktari. Mlango uliachwa wazi kidogo, akawaona wote: Terpstra na karatasi zake, Antje amesimama karibu na dirisha, Marloes na uso uliovimba, na mgongo mpana wa mwanawe.

Daktari alieleza watakatia wapi. Alieleza kinachoweza kuharibika. Aliuliza kama kuna swali. Marloes akatikisa kichwa. Daktari akamtazama Hylke.

"Baba?"

Gerbrich aliegemea mbele.

"Hapana," alisema Hylke. "Hakuna."

Marloes alichukua kalamu. Hylke aligeuza kichwa kidogo, macho yake yakakutana na ya mama yake kwenye uwazi wa mlango, kisha akatazama chini.

Gerbrich aliusukuma mlango.

"Msimkate," alisema. "Ni mimi."

"Wewe unafanya nini hapa?" alisema Marloes.

"Nimempa jibini. Kila siku."

"Haiwezekani," alisema Antje. "Umekatazwa kuingia."

"Nimekatazwa, na nimeingia. Mlinzi wenu anatazama simu kuliko anavyotazama mlango. Huyu akienda kuoga, mimi napanda ngazi za nyuma." Alitoa leso mfukoni, akaifungua juu ya karatasi za daktari. "Nilizitoa karafuu ili msinuse tena. Hizi hapa. Mnataka ushahidi gani mwingine?"

Daktari Terpstra alizisogeza karafuu kwa ncha ya kalamu. "Unajua ungemuua?" aliuliza.

"Najua."

"Nilikuwa karibu kumfungua kifua mtoto dhaifu bila sababu. Unaelewa?"

"Nimesema najua. Futa hiyo Alhamisi."

"Nimeifuta. Atakula chakula chetu tu, mbele ya macho yetu, na tutaona. Lakini wewe ukikanyaga tena wodi hii, naita polisi."

Marloes alikuwa amesimama. Hakupaza sauti, na ndiyo maana kila mtu alimsikia. "Ulitaka afe," alisema, "ili uwaambie watu wa kanisani kwako kwamba yule wa Zwolle hajui kulea. Ulikuwa radhi afe."

Gerbrich alifungua kinywa, akamtazama mwanawe, akakifumba.

"Kwangu umekufa leo," alisema Marloes. "Sitakuja hata kukuzika."

Mlinzi aliitwa. Alimshika Gerbrich kiwiko, akampitisha kati ya wageni waliobeba maua na maputo, naye akatembea kichwa juu, uso umemwiva. Hylke alimfuata mpaka kwenye lifti na koti lake.

"Mama," alisema.

"Nyamaza. Ukimpa tena hata chembe, nitakutaja sokoni, kwa jina."

*

Marloes aliacha kutoka. Alioga kwenye sinki la wodini, alikula kwenye kiti, alilala ameshika reli ya kitanda. Alihesabu kila tonge. Nynke alilia, alitukana, alirusha sahani. Akaletewa maziwa ya unga yenye mafuta ya namna nyingine, yale yasiyopitia mfereji ule, akayatema mara nyingi kabla ya kuyazoea.

Na chupa ikabadilika. Weupe ulipungua, ukabaki ukungu, kisha yakarudi yale maji ya manjano. Halafu yakawa machache, halafu hayakuwepo. Mrija ukatolewa. Kidonda kilikauka pembeni, mashavu yakaanza kurudi, na Daktari Terpstra akamhamishia wodi ya kawaida, sharti la mafuta likiendelea kwa wiki kadhaa.

Hylke alikuja na kitabu cha picha. Marloes alikuwa kando ya kabati, anakunja nguo.

"Umeleta?" aliuliza Nynke.

"Hiki hapa. Kina farasi."

"Si kitabu. Ile jibini isiyo na karafuu."

Mikono ya Marloes ilisimama.

"Ile ya Bibi?" aliuliza, bila kugeuka.

"Bibi hanipi," alisema Nynke kwa dharau. "Bibi nilimwomba akasema daktari akikataa amekataa. Bibi ni mchoyo. Baba ndiye mwema."

Marloes aliiweka fulana kitandani. Alimtazama mumewe, naye Hylke akaanza kumwambia kwamba alitaka kusema, kwamba alikuwa anatafuta nafasi, kwamba mtoto alikuwa analia. Marloes alimsikiliza mpaka akaishiwa.

"Twende," alisema.

Alimpeleka kwenye meza ya manesi wa wodi ya mahututi, ambako Antje alikuwa zamu na wenzake.

"Waambie."

"Marloes, hapa kuna watu."

"Na alipopekuliwa mama yako hapakuwa na watu? Waambie."

Hylke alinong'ona kitu.

"Hawajasikia," alisema Marloes.

"Ni mimi," alisema Hylke kwa sauti. "Si mama yangu. Ni mimi niliyempa."

Nesi mmoja kijana aligeuka akajifanya anapanga dawa. Antje alimtazama Hylke kama anavyotazamwa mtu aliyekojoa barabarani. "Basi na wewe sheria ni ile ile," alisema. "Kioo cha mlango. Nitawapigia wodi ya chini sasa hivi."

Marloes alichukua ufunguo wa gari mfukoni mwa mumewe, akamwomba Antje awaambie manesi wa chini wamtazame mtoto, akaondoka.

*

Gerbrich alikuwa chumba cha jibini, mikono ndani ya chumvi mpaka kwenye viwiko. Hakuacha kazi.

"Umekuja kuniomba radhi?" alisema. "Nilikuwa naitaka sana. Sasa sijui nitaiweka wapi."

"Sikuja kwa hilo. Kwa nini hukumtaja?"

"Ni mwanangu."

"Ulijua ni yeye, ukajitwisha wewe."

"Hangesema. Nilimngoja, hakusema. Kalamu ilikuwa mkononi mwako. Ulitaka nianze kueleza habari za familia?" Gerbrich aligeuza jibini, akaipaka chumvi upande wa pili. "Nilimwokoa mtoto wako na kisu. Nilifukuzwa kama mbwa, na mdomo sikufungua. Unataka nini zaidi?"

"Ulimwokoa wako," alisema Marloes. "Wangu ulimwacha na yule yule aliyekuwa anamlisha. Uliondoka na siri, mimi nikabaki namwamini. Ningekwenda kuoga siku moja tu, angempa tena. Si kwa wema wako kwamba sikwenda. Ni kwa sababu niliogopa wewe ungerudi."

Mikono ya Gerbrich ilitulia. Alikuwa na majibu mengi kwa huyu mwanamke, miaka mingi ya majibu, akayatafuta. "Nilimtisha," alisema mwishoni. "Niliapa kumtaja."

"Ulimtisha."

Gerbrich aliiweka jibini chini.

"Wakimruhusu, Nynke hatakuja hapa," alisema Marloes. "Naenda naye kwa dada yangu, Zwolle. Chakula chake nitampa mimi. Wewe ukitaka kumwona, njoo. Mkoba wako nitaupekua mlangoni, ujue hilo. Hylke hatamwona peke yake."

"Kwa muda gani?"

"Sijui."

"Mkoba wangu utaupekua?"

"Kila mara."

Gerbrich alifuta chumvi mikononi kwa aproni, taratibu, kidole kwa kidole. "Jumapili nitakuwa kanisani," alisema. "Nitakuja Jumatatu."

Marloes aliondoka bila kuaga.

Hylke alifika kwa basi jioni. Alikamua peke yake, akaosha mabomba, akaingia ndani akanawa, akaketi mahali pake pa siku zote. Mama yake alikuwa jikoni, kampa mgongo. Viazi vilikuwa vikitoa mvuke, na siagi ilikuwa inayeyuka sufuriani.

"Amekuja hapa?" aliuliza.

"Amekuja."

"Amesema nini?"

Gerbrich alipakua sahani moja. Aliibeba mpaka mezani, akaketi upande wa pili, akakunja mikono akasali kimoyomoyo, akaanza kula. Hylke alingoja. Alitazama sufuria, akamtazama mama yake, akatazama nafasi tupu mbele yake.

"Na mimi, mama?"

"Sufuria ile pale," alisema Gerbrich. "Jipakulie."